Kumuuguza mzee anayeswali: niliyojifunza kuhusu kutunza mswala nyumbani

Miswala mingi ninayoiona imechakaa kabla ya wakati wake imechakazwa na ufuaji. Maji mengi mno, sabuni kali, brashi ngumu, halafu inaanuliwa juu imekauka ndani bado mbichi. Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye mzee, mgonjwa au mtoto mchanga nyumbani, maana miswala ya nyumba hizo huingia majini kila mara, na wanaoifua huchoka kwa kazi ambayo nusu yake haikuhitajika.

Baba alikuja kuishi kwangu Pasua, hapa Moshi, akitokea Usangi, baada ya kupata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, ulimi ukawa mzito, na kibofu kikawa hakimsubiri afike chooni. Akili ilikuwa timamu kabisa. Adhana ya alfajiri ilimkuta yuko macho. Alikuja na begi la nguo, fimbo, na mswala wake wa sufu aliorudi nao kutoka Hija: mzito, rangi ya damu ya mzee, matamvua meupe ncha zote mbili. Mimi ni fundi cherehani, nashona nyumbani, kwa hiyo vitambaa navijua kiasi chake, na iliwezekana kumhudumia huku naendelea na kazi. Nilichokuwa sijawahi kukabiliana nacho ni kitambaa ambacho hakitoshi kiwe kisafi tu, lazima kiwe twahara pia, yaani kisiwe na najisi, tena mara tano kwa siku.

Tulimwekea kiti karibu na dirisha la kaskazini. Hapa Moshi anayeelekea kibla anaelekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, karibu sawasawa, kwa kuwa Makka iko kaskazini yetu na inapinda kidogo tu kwenda mashariki. Baba alilipenda dirisha lile. Asubuhi mawingu yakiwa bado hayajaufunika mlima, humaliza nyiradi zake akiutazama. Aliswali ameketi, kwa ruhusa ileile ambayo Mtume (s.a.w.) alimpa Imran bin Huswayn alipokuwa mgonjwa: swali umesimama, usipoweza keti, usipoweza lala ubavu. Mswala tuliutandika chini ya kiti na miguu yake.

Mara ya kwanza mkojo ulimtoka akiwa katikati ya swala ya alfajiri. Ulipita kwenye nguo, ukafuata mguu wa kiti, ukazama kwenye sufu. Hakusema neno. Nilipoinama kupangusa aligeuza uso ukutani. Mchana akaniambia, kwa ule ulimi mzito, "Mama, mswala wangu uweke juu ya kabati. Nitandikie gunia." Ananiita mama tangu nikiwa mdogo. Nilienda kulia jikoni. Mtu ameswali umri wake wote kwenye mswala wake, leo anaomba gunia kwa sababu ya aibu, na wewe mwanawe huna la kumjibu.

Gunia sikumpa. Nilimtandikia mswala mwingine wa nyumbani, na hapo ndipo ilipoanza ile kazi ya kufua bila kikomo. Tone likidondoka, mswala mzima unaingia beseni. Ndugu waliokuja kumjulia hali kila mmoja alikuwa na lake. Huyu anasema lazima mara saba, yule anasema ukianika juani umekwisha twaharika, mwingine anasema mswala ulioingia mkojo hauswaliwi tena. Mikono ilichubuka kwa sabuni ya unga, nguo za wateja zikalala mezani, na harufu bado ilikuwepo. Anayemuuguza mtu nyumbani atanielewa nikisema kwamba uchovu wa namna hiyo huingia mpaka kwenye sauti yako unapomjibu mgonjwa, na mgonjwa huusikia.

Aliyetutoa hapo ni maalim wa madrasa ya mtaani kwetu, aliyepita kumzuru baba baada ya swala ya Ijumaa. Alianza na kisa cha bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.) kule Madina. Watu walimkaripia, Mtume akawakataza, akaamuru aachwe amalize, kisha akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Mkojo ndani ya msikiti ule, na dawa yake ikawa ndoo ya maji mahali palepale, bila kumfedhehesha mtu. Baba alisikiliza kimya. Niliona mabega yake yakilegea.

Kisha maalim akatufundisha kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki ndiyo tunayoyafuata. Mkojo wa mtu mzima ni najisi ya kati, si nyepesi wala nzito. Kinachotakiwa ni kuondoa chenyewe pamoja na rangi na harufu yake, na maji safi yapite juu ya mahali palipoguswa. Kuosha mara moja kunatosha ikiwa athari imeondoka. Mara tatu ni sunna. Zile mara saba, moja yake kwa udongo, ni za mbwa na nguruwe. Mtoto wa kiume ambaye hajafikisha miaka miwili na chakula chake bado ni maziwa tu, mkojo wake unanyunyiziwa maji mpaka yaenee. Wa kike unaoshwa. Rangi peke yake, au harufu peke yake, ikigoma kutoka baada ya jitihada ya kweli, imesamehewa. Jua halitwaharishi: mkojo uliokauka kwenye mswala unabaki najisi mpaka upitiwe na maji.

Lililonifungua macho zaidi ni suala la beseni. Maji machache ukiyatumbukizia kitu chenye najisi yananajisika yote, kisha yanaisambaza kwenye kona ambazo zilikuwa safi. Yaani kule kutumbukiza mswala mzima kulikuwa kunaongeza eneo la kutwaharisha badala ya kulipunguza. Maji ndiyo yamiminwe juu ya najisi, yapite, yaondoke. Na maji ya mwisho yawe maji matupu, kwa sababu maji yaliyobadilika kwa sabuni yanasafisha lakini hayatwaharishi.

Tangu hapo utaratibu wetu ni huu. Mkojo ukimwagika, kwanza kitambaa kikavu. Unakilaza juu ya palipolowa na unakikanyaga kwa uzito wako wote, unageuza upande, unakanyaga tena, mpaka kitoke bila kulowa. Usisugue, kusugua kunausukuma mkojo chini kwenye mashina ya nyuzi. Halafu nalaza sehemu ile tu juu ya ubao uliowekwa mteremko kwenye ukingo wa ndoo, mswala uliobaki nimeukunja pembeni usilowe, na ninamimina maji baridi kwa jagi, polepole, kuanzia nje ya doa kuja ndani. Maji ya kwanza hutoka na umanjano na povu jembamba. Ya pili yamefifia. Ya tatu hutoka kama yalivyoingia, na hapo ndipo ninapotia tone la sabuni ya maji, nasugua kwa ncha za vidole, namimina tena maji matupu mpaka utelezi uishe. Taulo kavu, nakanyaga tena, naanika. Kazi yote inamalizika kabla wali haujaiva.

Usiache doa likae. Mkojo ukilala hugeuka kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua, na amonia hula rangi na kudhoofisha sufu. Tena chumvi zake zikibaki kwenye nyuzi hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana mswala unaweza kuwa hauna harufu Januari halafu mvua za Aprili zikianza unanuka kana kwamba umekojolewa jana. Hapo siki nyeupe, kiasi kimoja kwa viwili au vitatu vya maji, inasaidia kweli. Mwagia, acha kidogo, suuza kwa maji matupu.

Kuhusu swala yenyewe, maalim alituambia kwamba mtu ambaye mkojo unamtoka bila kujizuia hujisafisha, huvaa kizuizi, na hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha anaswali bila kuchelewa. Baada ya hapo kinachomtoka bila hiari ni udhuru wake. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza wa mswala ukawa nepi. Nepi za watu wazima ni ghali, na katika uuguzi wote huu ndizo zilizomeza pesa kuliko dawa. Niliishia kushona za kufua: flana kwa ndani, taulo la mtumba kutoka soko la Memorial katikati, nailoni nje, vifungo ubavuni. Zile za dukani tukaziacha kwa usiku na safari za kliniki. Mwenye cherehani, au mwenye jirani mwenye cherehani, ajaribu.

Na chini yake tukabadili miswala. Mgonjwa hahitaji mswala mzito. Nilinunua miwili myembamba ya pamba, shilingi 12,000 kila mmoja, mmoja unatumika mwingine uko kambani. Chini ya mswala nikatandika mkeka wa ukindu, na chini ya mkeka nailoni. Mkeka ni kitu kizuri sana kwa nyumba yenye mgonjwa: maji yanapita juu, unapangusa, unausimamisha ukutani upepo uupige. Usiuloweke wala usiukunje ukiwa mkavu sana, utavunjika. Mwanzoni baba aliuona mkeka kama kushushwa hadhi. Nilimsomea habari ya Anas bin Malik, ambaye bibi yake Mulayka alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula, na Anas akauchukua mkeka wao uliokuwa umekuwa mweusi kwa kutumika muda mrefu, akaunyunyizia maji, Mtume akasimama juu yake akawaswalisha. Baba akauliza, "Mweusi kabisa?" Nikamjibu ndivyo ilivyopokewa. Akaniambia nimsogezee kiti.

Sasa ule mswala wa Hija. Kabla maalim hajatutembelea, ndugu yetu mmoja aliuona juu ya kabati, ukiwa bado haujafuliwa vizuri, akataka kutupunguzia mzigo, akaupeleka kwa dobi. Dobi alitoza shilingi 8,000. Ulirudi mfupi kwa kiganja kizima, mgumu kama ngozi ya mbuzi iliyokaushwa juani. Matamvua yaliyokuwa meupe yalikuwa na uwaridi wa rangi iliyochuja, na mahali palipomwagiwa dawa ya kung'arisha pamekuwa manjano. Nilipoufungua mbele ya baba mikono ilinitetemeka. Akapitisha kiganja chake cha kushoto juu yake, kwenda na kurudi, muda mrefu. Kisha akasema, "Aliyeupeleka alitaka wema. Usimgombeze."

Kilichotokea pale kina sababu zake, na ni vyema kila mwenye mswala wa sufu azijue. Sufu ni nywele za mnyama. Kila unywele una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na ukiupa maji ya moto, sabuni na msuguano kwa pamoja, magamba hushikana na hayaachani tena. Mswala unasinyaa na kuwa mgumu, na hakuna pasi wala maji yatakayourudisha ulivyokuwa. Klorini ya dawa ya kung'arisha ndiyo mbaya zaidi, inaila sufu yenyewe, na hariri vilevile; ikiwa nyingi inaiyeyusha. Sabuni nyingi za unga nazo ni kali mno kwa nywele. Sufu inataka maji baridi au ya uvuguvugu usiochoma kiwiko, shampoo ya watoto kidogo, mikono ya kubonyeza bila kusugua, na kusuuzwa kwa maji ya joto lilelile, maana kuitoa kwenye uvuguvugu na kuitia kwenye baridi kali nako kunaishtua.

Niliulowesha mswala ule kwa maji na losheni ya kulainishia nywele, nikautandaza kwenye ubao na kuuvuta pole pole, nikaubana kwa pini kuzunguka kingo zote ukauke ukiwa umevutwa. Ulilainika. Urefu ulirudi kidogo tu, si wote. Matamvua yaliyochuja niliyakata na kuzungushia utepe wa pamba wa rangi ileile ya damu ya mzee. Si mswala ulioondoka Makka, lakini anaswalia.

Kabla ya kufua mswala wowote, ujue umetengenezwa kwa nini. Kitambulisho cha nyuma mara nyingi hakipo au kimeandikwa lugha usiyoisoma. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye manyoya ya mswala kwa upande wa nyuma, siyo kwenye tamvua kwa kuwa tamvua linaweza kuwa pamba wakati mswala ni sufu. Ushike kwa kibanio juu ya sahani, uuwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Pamba inawaka kama karatasi na kunuka karatasi. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha kipunje kigumu cheusi. Miswala mingi ya kumetameta iliyojaa madukani ni poliesta, na hiyo haisinyai kirahisi wala haichagui sana sabuni, ila moto ni adui yake. Cheche moja ya kaa la udi inaitoboa. Ukipenda kufukiza mswala, fukiza ukiwa mkavu na ukiuning'iniza mbali na chetezo.

Halafu jaribu rangi. Lowesha kona ya leso nyeupe, ibonyeze upande wa nyuma wa mswala kwa muda wa kusoma Fatiha pole pole. Leso ikitoka na rangi, mswala huo unachuja, na haufai kulowekwa hata dakika moja. Unaoshwa mahali penye doa tu, kwa maji baridi, na unakaushwa haraka ukiwa umelazwa, usiuning'inize rangi ikatiririka.

Masika yana darasa lake. Dada yangu alituletea kutoka Dar es Salaam mswala mnene wenye sponji ndani, kwa ajili ya magoti ya mama mkubwa aliyekuwa anakuja kukaa na sisi. Ni mswala wa raha. Ulipolowa Aprili, mvua za Moshi zikiwa zimekolea, ulikuwa ukishikwa juu umekauka, ukiubonyeza kwa goti unatoa unyevu. Baadaye ukaanza kunuka uvundo, na upande wa chini yakajitokeza madoa meusi ya ukungu. Mgonjwa wa kiharusi anayeshinda amekaa mahali pamoja hafai kuvuta hewa ya ukungu, hivyo niliutoa chumbani siku ileile. Nilifumua mshono wa ubavu, nikalitoa sponji, nikalitupa lililooza na kukata jipya, ganda nikalifua peke yake na siki, na wakati wa kushona nikaweka zipu. Tangu hapo sponji linatolewa kwanza, ganda linafuliwa kama nguo. Fundi yeyote wa mtaani anaweza kukuwekea zipu hiyo, na ukinunua mswala wa sponji wakati wa kiangazi, iweke kabla ya mvua.

Kwenye kuanika, tumia kamba mbili sambamba mswala ulale juu ya zote, upate hewa chini na juu. Ukiukunja katikati ya kamba moja unapata mstari usiotoka na mahali pa mkunjo hapakauki. Kamba iwe ya nailoni. Waya unaacha kutu, na kutu kwenye pamba nyeupe inatoka kwa ndimu na chumvi, kwenye rangi ndimu inaweza kuondoka na rangi pia. Anika kivulini penye upepo, au juani ukiwa umeugeuza mgongo. Wasioanika kwenye majani ya uani wana akili: kuku wako hapo, na kinyesi cha kuku ni najisi. Kuhusu mbwa, watu wanahangaika bure mara nyingine. Mbwa mkavu akipita juu ya mswala mkavu hakuna kilichohama. Ukiwepo umajimaji, wa mate yake au wa mswala, ndipo zile mara saba zinapokuja.

Dirisha la baba nalo lilitufundisha. Miezi ya katikati ya mwaka jua huwa upande wa kaskazini yetu, hivyo linaingia moja kwa moja kwenye dirisha la kibla na kupiga pale pale panapowekwa paji la uso. Mswala mmoja wa pamba ulipauka upande wa mbele tu. Sasa swala ikiisha unaviringishwa, au pazia linashushwa.

Kwa nyumba isiyo na mgonjwa, kazi kubwa ni vumbi, na kwa vumbi hili letu jekundu nasema kwa msisitizo: lisilowe kabla halijatoka. Chembe zake hushuka mpaka kwenye mashina ya nyuzi na kuzikata kila unapokanyaga. Ukizitia maji zinakuwa tope, na tope jekundu kwenye mswala wa rangi nyepesi halitoki lote. Mswala utundike kinyumenyume, mgongo juu, uupige kwa fimbo ya ufagio kutoka juu kwenda chini. Utashangaa kinachodondoka kutoka kwenye mswala uliodhani ni safi. Mimi nafanya hivyo kila Alhamisi jioni, ili Ijumaa uwe tayari. Na miguu ikaushwe baada ya udhu. Weka kitambaa mlangoni mwa chumba cha kuswalia. Miguu ya majimaji ikikanyaga vumbi la sakafuni na kupanda mswala, hiyo ndiyo rangi ya kahawia unayoiona sehemu ya miguu kwenye miswala ya nyumba nyingi.

Sehemu ya paji la uso ina uchafu wa aina yake: mafuta ya ngozi, ya nywele, na manukato. Inakuwa nyeusi na kung'aa, na maji matupu hayaigusi. Nyunyizia wanga wa muhogo, laini kabisa, uache usiku mzima unyonye mafuta, asubuhi uupige mswala mpaka wanga wote utoke maana mende wanaupenda. Kisha kitambaa chenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, ukigonga-gonga kutoka ukingoni kuja katikati, na kitambaa kingine chenye maji matupu kuondoa sabuni. Damu na maziwa ni maji baridi tu, ya moto yanaivisha doa likakwama moja kwa moja. Hina ikishaingia, msamehe mtoto, haitoki.

Wa sufu ukiuweka muda mrefu bila kuutumia, nondo huutafuta. Watu hutia karafuu, nami natia kwa harufu yake nzuri, lakini kinachomfukuza nondo ni kuufungua, kuupiga na kuupa jua kidogo mara kwa mara, kwa sababu anataga mahali penye giza pasipoguswa. Uviringishe, usiukunje, na usiufungie kwenye mfuko wa plastiki.

Baba sasa anasimama kwa fimbo kwa rakaa ya kwanza, na nepi ya mchana tumeiacha. Kwa nyumba inayoanza safari kama yetu, kama pesa ni ya kununua kitu kimoja, nunua miswala miwili ya pamba myembamba badala ya mmoja wa fahari. Chagua isiyo na maua mengi. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuivua nguo yenye nakshi baada ya kuswalia, akaagiza ipelekwe kwa swahaba wake Abu Jahm na aletewe ile isiyo na nakshi, kwa kuwa ilimshughulisha katika swala, na kwa upande wa ufuaji, mswala wa rangi moja hauwezi kukuficha doa. Ukienda kununua beba leso nyeupe na kichupa cha maji. Mwombe muuzaji ujaribu rangi kwenye kona ya nyuma kabla hujatoa pesa. Akikataa, nenda duka linalofuata.